Waridi la Jangwani: Mche Mzuri, Jina la Kuuponza

Mwezi Januari mwaka jana niliingia katika kitalu kimoja cha miche kilicho kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, baina ya Mtwapa na Kilifi, nikitafuta kitu kimoja tu: mti wa maua wa kuweka barazani, mahali ambapo jua la alasiri limekwisha kuunguza kila nilichowahi kupanda. Nilitoka na miche miwili. Wa kwanza uliuzwa kwa jina la "waridi la jangwani kutoka Thailand". Ulikuwa umebebeshwa, yaani matawi ya mche mmoja yameunganishwa juu ya shina la mwingine, una maua mekundu ya kukoza yenye tabaka tatu za petali, na bei yake ilikuwa shilingi 3,500 pamoja na chungu chake cha kauri. Wa pili ulikuwa mche mdogo wa mbegu, umekaa ndani ya kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari, nao niliuziwa kwa shilingi 300 na mzee mwenye kitalu, ambaye hakuuita waridi hata mara moja. Imepita miezi 14 sasa, muda wa kutosha kumweleza mnunuzi mwingine nilichokipata kwa fedha zangu. Jina la kitalu nimelihifadhi, kwa kuwa kasoro nitakazozitaja nilizikuta pia katika vitalu vingine viwili nilivyovipitia baadaye, na si haki mmoja abebe lawama za wengi.

Nianze na yanayostahili sifa, maana yapo. Kitalu chenyewe ni kisafi, miche imepangwa kwa aina chini ya wavu wa kivuli, na ile inayotaka jua imetolewa nje ikae juani, jambo ambalo wauzaji wengi wa kando ya barabara hawalijali. Mlangoni umesimama mti mmoja wa zamani wa aina hiyo hiyo niliyokuja kuinunua, shina lake la chini limetuna kama mtungi wa maji, ngozi yake ya kijivu inang'aa kidogo, na matawi yake mafupi yamepinda huku na huku bila jani hata moja. Juu ya matawi hayo matupu palikuwa na maua yasiyopungua hamsini. Nilisogea nikaliangalia moja kwa karibu: petali tano zimeungana chini zikafanya tarumbeta ndogo, koo la tarumbeta ni jeupe lenye mistari myembamba myekundu inayoelekea ndani, kisha weupe huo unazidi kukolea kadiri unavyokwenda pembeni hadi ukingo ukawa wa pinki iliyoiva, mfano wa kitambaa cheupe kilichochovywa pembeni kwenye rangi na rangi ikapanda yenyewe mpaka ikachoka njiani. Nikiwa nimeduwaa hapo ndipo kijana muuzaji aliponijia.

Kijana huyo ni mchangamfu, na nampa haki yake: alijibu kila swali, hata yale asiyokuwa na majibu yake. Aliniambia, "Dada, hili ni waridi la jangwani. Halina kazi. Hata ukilisahau mwezi mzima bila maji, halifi." Akanipa na kikaratasi kilichochapwa vizuri kinachosema kwamba waridi la jangwani limwagiliwe maji kidogo, mara moja kwa mwezi, na litiwe mbolea kama mawaridi mengine. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda anapalilia mifuko ya miche, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu bila kuinua kichwa akasema, "Huu ni mdagu, mwanangu. Sisi twaujua tangu zamani, uko porini huku juu tele. Hicho kikaratasi kimekuja jana." Nilicheka, nikalipia kwa M-Pesa, nikamwita dereva wa tuktuk. Laiti ningekaa nikamsikiliza dakika kumi zaidi, sehemu kubwa ya uhakiki huu isingekuwa na haja ya kuandikwa.

Hoja yangu ni kwamba bidhaa ni nzuri, lakini imeuzwa kwa jina ambalo kila nusu yake inamfundisha mnunuzi kuiua. Neno waridi linamfanya aipe chakula na maji ya waridi. Neno jangwani linamfanya ainyime maji kabisa. Mimi nilifanikiwa kutenda makosa yote mawili katika mwaka mmoja.

Tulichukue kwanza hilo waridi. Mmea huu hauna udugu wowote na waridi tunalolijua. Wataalamu wa mimea wameuweka katika ukoo wa Apocynaceae, pamoja na oleanda, kile kichaka chenye majani membamba na maua ya pinki au meupe kinachopendwa katika bustani za hoteli na kandokando ya barabara. Hauna miiba, na petali zake haziwi nyingi isipokuwa kwa mkono wa wafugaji wa maua waliozizidisha tabaka. Kwa msomaji wa pwani kuna jambo kubwa kuliko hayo: karibu hauna harufu. Neno waridi kwetu halitengani na manukato, na anayeununua mche huu akitaraji siku moja atachuma ua achanganye na asumini na rehani kwenye kikuba, atakuwa amepoteza fedha. Tena asithubutu, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Jina hili pia limekwisha kugawiwa vitu vingine, na ukiagiza mtandaoni bila picha unaweza kuletewa kitu usichokitarajia. Ndugu yangu aliye Doha nilipomwambia nimenunua waridi la jangwani, alinitumia picha ya lile jengo la Makumbusho ya Taifa ya Qatar, lililofunguliwa mwaka 2019, ambalo mchoraji wake Jean Nouvel alilibuni kwa kuiga waridi la jangwani la kwao. Na hilo la kwao ni jiwe, fuwele za jasi zinazojijenga zenyewe ndani ya mchanga zikafanana na petali. Muuzaji mmoja wa mtandaoni naye alinionyesha, kwa jina hilo hilo, kile kifungu kikavu ambacho mahujaji hurudi nacho kutoka Makka, kinacholowekwa kwenye maji kikafumbuka, na ambacho wengi wanakijua kwa jina la kafu Mariamu. Vitu vitatu, jina moja, na viwili kati yake havitoi ua la kuwekwa barazani.

Nusu ya pili ya jina ndiyo iliyonigharimu zaidi. Nikisikia jangwa, akili inakwenda kwenye mchanga mtupu na ngamia. Lakini mdagu unaota wapi hasa? Makazi yake yanaanzia Senegal, yakapita katika ukanda wote wa Saheli hadi Sudan, Ethiopia na Somalia, yakashuka Kenya na Tanzania, na yakavuka bahari hadi Yemen, Saudia na Oman. Sehemu kubwa ya makazi hayo, na hasa upande wetu, ni ile nchi ambayo lugha yetu ina neno lake maalumu tangu zamani: nyika. Anayetoka Mombasa kwa gari moshi au kwa basi kwenda Voi anaipita, kuanzia Mariakani hadi Taru na Mackinnon Road, ardhi nyekundu yenye vichaka vya miiba na mawe, na huko katikati ya vichaka vilivyokauka utaona vishina vinene vyenye maua ya pinki kana kwamba mtu ameyachomeka. Nyika ni kavu, naam, lakini nyika ina mvua. Hupata masika, hupata vuli, na katika miezi hiyo mdagu hunywa kwa pupa, hutoa majani, hujaza lile shina lake. Mvua zikiisha hupukutisha majani na kuishi kwa akiba. Mmea wa namna hiyo haukuumbwa kunyweshwa kikombe kimoja cha maji kila mwezi mwaka mzima. Umeumbwa kushiba sana kisha kufunga sana. Kama ningepewa kazi ya kuandika lebo ya kitalu kile, ningeandika "waridi la nyika", na mnunuzi wa pwani angeelewa nusu ya malezi yake kabla hajafika nyumbani.

Jina la kitaalamu, ambalo limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kikaratasi, lina ukweli mwingi kuliko lile la juu. Mmea unaitwa Adenium obesum, na nyuma ya maneno hayo mawili kuna safari ya huzuni. Mwaka 1761 msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark uliondoka Copenhagen kwenda kuichunguza Arabuni, na miongoni mwa waliokuwamo alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Carl Linnaeus aliyebobea katika mimea. Forsskål aliifikia Yemen, akakusanya mimea milimani na mabondeni kwa mwaka usiotimia, kisha malaria ikamuua huko mwezi Julai 1763. Katika msafara wote alirejea nyumbani mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, na yeye ndiye aliyezichapisha kazi za marehemu mwaka 1775. Humo mmea wetu uliitwa Nerium obesum, yaani ulihesabiwa kuwa ni oleanda, lakini oleanda yenye kitambi, maana obesum kwa Kilatini ni nene. Mwaka 1819 wataalamu wawili, Roemer na Schultes, waliutenga katika jenasi yake wenyewe wakaiita Adenium, jina linalotokana na Adeni.

Adeni! Bandari ambayo majahazi ya Mombasa na Lamu yameijua kwa karne nyingi, yakienda na kusi na kurudi na kaskazi. Sioni kwa nini mteja wa Kilifi auziwe mmea huu kwa sifa ya Thailand, ilhali jina lake la duniani kote limebeba mji ambao babu zetu walikuwa wakiutaja kila msimu wa safari, na mmea wenyewe uko porini mwendo wa saa mbili kutoka dukani.

Si kwamba Thailand haina lake. Wafugaji wa huko wameufanyia mmea huu kazi kubwa: maua mekundu yanayokaribia weusi, ya manjano, yenye madoa, yenye tabaka mbili na tatu, karibu yote yametoka kwenye vitalu vya Asia, na wao wameupa jina zuri, chuanchom, lenye maana ya kukaribisha mtu atazame. Indonesia wanauita kamboja jepang, yaani frangipani ya Kijapani, ingawa Japani hauoti porini hata mmoja. Vietnam nao wanauita kwa jina linaloutaja kuwa wa Thailand. Naona kila nchi inaupa mmea huu utaifa wa jirani, na sisi tulio nao porini tumejiunga na foleni hiyo kwa kuuita wa Thailand. Afrika ya Kusini wameponea kidogo: spishi yao, Adenium multiflorum, inayopendeza sana katika kambi za Hifadhi ya Kruger wakati wa kipupwe, wanaiita yungiyungi la swala pala, na japo yungiyungi si lenyewe, angalau mnyama ni wa kwao.

Narudi kwenye baraza langu. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi nilifuata kikaratasi kama mtu anayefuata dawa ya daktari. Kikombe kimoja kila mwezi. Kaskazi ilikuwa kali, baraza linawaka, na mche ulikuwa katika wakati wake wa kukua. Wiki ya tatu maua yalianguka, wiki ya sita majani yakageuka manjano kuanzia chini, na kufikia Machi nilipolibonyeza shina kwa kidole lilikuwa limelegea na kuingia mikunjo midogo kama ngozi ya embe lililosahauliwa kabatini. Kijana nilimpigia simu, akanijibu nisiwe na wasiwasi, ndivyo lilivyo la jangwani. Kwa kweli hilo halikuwa tatizo kubwa. Ningeupa maji ya kutosha siku ile ungejaa tena ndani ya wiki moja, kwa kuwa shina lililolegea kwa kiu hurudi.

Aliyenihurumia ni shangazi yangu, aliyekuja kukaa nasi mwezi wa Ramadhani. Alipouona mche umenyong'onyea aliuliza unaitwaje, nikamwambia waridi. "Waridi gani lisilopewa maji, mwanangu?" Tangu asubuhi ile aliumwagilia kila siku baada ya swala ya alfajiri, akautia na konzi mbili za samadi ya mbuzi, na siwezi kumlaumu hata kidogo, kwa kuwa kikaratasi chenyewe kilisema utiwe mbolea kama waridi. Kisha masika yakaanza. Hapo ndipo kasoro kubwa ya bidhaa ilipojitokeza, na hii naiweka moja kwa moja kwenye hesabu ya kitalu: chungu cha kauri walichoniuzia, cheupe, kizuri, kilichopambwa kokoto nyeupe juu, hakikuwa na tundu chini. Ndani yake walijaza udongo mwekundu mzito uliochanganywa na mboji, ule ule wanaoutumia kwa miparachichi. Maji yalikuwa yanaingia na hayatoki. Niligundua siku nilipoinua chungu ili nifagie, nikashtuka kwa uzito wake, nikakiinamisha, na maji meusi yenye harufu ya kinyaa yakamwagika juu ya miguu yangu.

Mdagu unaweza kuvumilia kiu ya miezi. Hauwezi kuvumilia mizizi kulala majini. Mwishoni mwa Mei shina lilikuwa laini tena, lakini ulaini wa aina nyingine, bila mikunjo, kidole kinazama kama kwenye papai lililopitiliza. Matawi yaliyobebeshwa, yale ya maua mekundu ya tabaka tatu, yaliwahi kuwa meusi yakakatika yenyewe. Niliutia mche ndani ya gunia nikaurudisha kitaluni.

Kijana alisema hawarudishi fedha kwa mche uliokufa, na kwamba nilizidisha maji. Kwa sera hiyo ningeipa huduma yao alama ya chini kabisa, lau si mzee. Aliinuka kwenye kigoda, akautoa mche kwenye chungu, akautazama chini, akagugumia kitu kuhusu chungu kile ambacho sitakiandika, na akavaa glavu. Kwa kisu alichokifuta kwanza kwa spiriti alianza kukata shina kutoka chini, kipande kwa kipande kama mtu anayemenya muhogo uliooza, na kila kipande alikigeuza kukiangalia: cha kwanza rangi ya kahawia na majimaji, cha pili kahawia yenye pete nyeupe, cha tatu cheupe chenye doa moja katikati. Hakukubali kuacha doa. Alipofika kwenye nyama nyeupe tupu, nusu ya shina ilikuwa imekwisha. Akapaka jivu na unga wa mkaa kwenye kidonda, akaufunga kamba, akaniambia niutundike kivulini kichwa chini kwa siku kumi hadi kidonda kikauke kiwe kama ngozi, kisha niupande kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mto na kokoto ndogo za matumbawe, mboji kiganja kimoja tu, katika chungu cha udongo chenye tundu la kupitisha kidole gumba, na nisiuguse kwa maji hadi nione chipukizi. Hakunitoza kitu. Nilimlipa shilingi 200 ya chai, akaipokea baada ya kunikatalia mara mbili.

Glavu zile ndizo zilizonikumbusha jambo ambalo hakuna aliyenitajia siku ya kununua, na naliona kuwa kasoro nzito kuliko ya chungu. Utomvu wa mdagu ni sumu inayoushambulia moyo. Katika sehemu nyingi za Afrika wawindaji wameutumia kwenye mishale. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, huuchemsha utomvu wake hadi ukawa mzito na mweusi, wakaupaka kwenye ncha ya mshale, na sumu hiyo wanaiita panjube. Wengine wameutumia kuvulia samaki. Sisemi mti usiwekwe nyumbani, kwani oleanda nayo ni ya sumu na imejaa mijini, lakini mwenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mwenye mbuzi anayezurura uani, anastahili kuambiwa kabla hajalipa. Kikaratasi kilikuwa na nafasi ya kuchora moyo na nyuki wawili. Sentensi moja ya tahadhari ingetosha hapo. Ukikata tawi, vaa glavu, osha mikono na kisu, usijiguse machoni, na ua lake usilichomeke kwenye nywele wala kwenye kikuba. Ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza.

Kuhusu ule mche wa shilingi 300 sina mengi ya kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Ulikuwa na urefu wa shubiri moja na unene wa kidole cha kati. Niliuacha ndani ya kopo lake hadi Aprili, nikauhamishia kwenye chungu cha udongo, mvua ikaunyeshea kwa wingi na maji yakatoka chini. Kipupwe kilipofika nilipunguza maji, ukapukutisha majani nusu, na kwenye joto la Novemba nikaanza tena kuushibisha mara mbili kwa wiki. Sasa unene wake ni wa kifundo cha mkono wangu na umechanua mara moja, maua manne. Adui pekee niliyemwona ni vidukari vya manjano vilivyojaa kwenye ncha za matawi mwezi Desemba, vikaondoka kwa maji ya sabuni. Mzee aliniambia umetoka kwenye mbegu za ule mti wa mlangoni, na alinionyesha tunda lake: maganda mawili yaliyounganishwa chini yakatawanyika juu kama pembe za ng'ombe, yakipasuka hutoa mbegu mfano wa vijiti vidogo, zenye kishungi cha nywele kila upande, tayari kupeperushwa. Yeye huyafunga kwa uzi kabla hayajapasuka ili upepo usimwibie. Mbegu mbichi, alisema, huota ndani ya wiki, na shina la mche wa mbegu huvimba vizuri kuliko la mche uliopandwa kwa kijiti, kwa hiyo anayeuza vijiti kwa bei ya miche ya mbegu anakupunja.

Kwa mnunuzi, basi, ushauri wangu ni huu. Mche uliobebeshwa ununue ikiwa unataka rangi ambayo mdagu wa kwetu hauna, kama wekundu wa kukoza au manjano, na uko tayari kulipa kati ya shilingi 2,500 na 4,000. Lakini kabla ya kulipa angalia kiungo kimeshikana pande zote, bonyeza shina hadi chini kabisa, na ugeuze chungu utazame tundu. Chungu kisicho na tundu kikatae hata kama ni cha bure. Udongo mzito ubadilishe siku hiyo hiyo. Maji upe kwa kujaza, kisha usubiri udongo ukauke hadi ndani. Mbolea kidogo wakati wa joto, na samadi waachie wenye migomba. Kama rangi ya pinki inakutosha, mche wa mbegu wa shilingi 300 au 400 ni bidhaa bora kuliko yote niliyoiona kitaluni pale. Kitalu chenyewe nakipa alama tatu kati ya tano: miche yake nzuri, mzee anazijua kazi zake, ila duka limeachiwa kikaratasi.

Nilipokwenda wiki iliyopita kununua mchanga nilikuta kikaratasi ni kile kile, ila vyungu vya kauri sasa vimetobolewa. Nilimweleza mzee habari za mgonjwa wake. Ule mche wa Thailand uliishi: mwezi wa Agosti ulichipua chini ya mahali palipokuwa na kiungo, matawi matatu, na mwezi wa Januari yakachanua. Maua yana petali tano, koo jeupe, ukingo wa pinki. Shina la kubebeshea lilikuwa mdagu wa mlangoni wakati wote.